Gari ya Mkataba: Ni Kodi au ni Mauzo?



Leo hatutazungumza singo, hina wala mitindo ya shela. Tutazungumza gari. Wapo watakaosema gari ni mambo ya wanaume, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kwanza, vijana wengi wanaotuposa siku hizi ni madereva, na gari wanazoendesha bado si zao, ni za mkataba. Pili, wenye gari hizo si wanaume peke yao. Wengi ni sisi wanawake, tena wanawake wa kusali na kufunga, tuliokusanya akiba za vikoba tukanunua Noah au bajaji, tukampa mtoto wa mtu aendeshe. Haya tunayoyaandika yametufika sisi wenyewe, na aibu yake kubwa ni yetu.

Sisi ni mafundi cherahani. Tuna duka hapa Mjini, tunashona magauni ya harusi na mengine tunayakodisha. Skuli tuliishia kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushonaji, na tangu hapo mkate wetu umetoka kwenye sindano. Pia tumo kwenye kikoba cha wanawake saba. Wenzetu wa kikoba wameturuhusu tuyaeleze haya, kwa sharti kwamba kijana asitajwe jina, na wao pia wasitajwe.

Tuanze na jambo lenyewe, kwa asiyelijua. Gari ya mkataba ni hivi: mwenye gari anamkabidhi dereva, dereva analeta hesabu kila siku au kila wiki kwa muda waliokubaliana, na muda ukimalizika gari inakuwa ya dereva. Hesabu ya mkataba ni kubwa kuliko hesabu ya kawaida, kwa sababu ndani yake mna bei ya gari. Katika hesabu ya kawaida, gari ikiharibika mwenyewe ndiye anayeitengeneza, bima ni yake, na siku gari imelala gereji hakuna anayedai kitu. Katika mkataba, mara nyingi kila mzigo unawekwa juu ya dereva: oili, matairi, fundi, bima, na hata siku za kulala.

Sisi tulinunua Noah iliyotumika kwa shilingi 16,000,000. Tukaikatia bima ya mwaka mmoja, tukampa kijana wa miaka 24, mtoto wa jirani wa mwenzetu mmoja, mpole, mwenye leseni na adabu zake. Mkataba ulikuwa karatasi moja. Hesabu shilingi 40,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani 240,000 kila wiki, kwa wiki 104. Jumla shilingi 24,960,000. Bima inayofuata na matengenezo yote juu ya dereva. Akichelewesha hesabu ya wiki mbili, gari inarudi kwa wenyewe na yeye hana madai. Akasaini, tukasaini, tukasema bismillah.

Kazi yake ilikuwa kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Kila anayeishi kisiwani anaijua kazi hiyo. Wageni wakijaa, dereva hana muda wa kula. Masika yakiingia, kuanzia Machi mpaka Mei, hoteli nyengine hufunga milango kabisa, na dereva anashinda chini ya mwembe akisubiri simu isiyolia. Lakini hesabu yetu haikujua masika. Mwaka mzima ilikuwa ile ile.

Masika ya kwanza alikuwa na akiba yake kidogo, akajikaza. Wiki 61 mfululizo alilipa bila ya kukosa hata moja. Ukizizidisha ni shilingi 14,640,000. Masika ya pili yalimkuta ameshaposa, ameshatoa mahari, na anamalizia chumba cha kuingia na mkewe. Hapo ndipo bima nayo ilipoisha.

Alikwenda kuulizia bima kubwa. Kwa gari ya kubebea abiria alitajiwa zaidi ya shilingi laki nane. Akatujia, akatuamkia vizuri, akasema: "Mama zangu, naomba mnishike mkono nusu, hali ya kazi mnaiona." Tukamjibu kwa upole kabisa kwamba mkataba unasema bima ni juu yake. Akaondoka, akakata bima ndogo, kwa sababu bila ya hiyo trafiki hamwachi mtu.

Mwezi wa Mei, siku ya mvua kubwa, alikuwa anarudi Mjini kutoka Paje, gari tupu. Ikateleza, ikaingia mtaroni ikagonga mnazi. Yeye alitoka mzima, alhamdulillah, wala hakuumia mtu. Lakini upande mmoja wa mbele ulikwenda wote, taa, bampa, rejeta na mguu wa tairi. Bima ndogo inalipa hasara uliyomtia mtu mwengine. Mnazi haukudai kitu, na gari unayoiendesha wewe haimo. Gereji ikataka shilingi 1,850,000 na wiki tatu za kazi.

Sasa sikilizeni tulichofanya sisi. Wiki zile tatu gari iko juu ya mawe, sisi tuliendelea kuandika hesabu kwenye daftari. 240,000, na 240,000, na 240,000. Kijana akakusanya pesa zake zote akailipa gereji. Gari ikatoka inang'aa. Na siku ile ile, kwa kuwa wiki mbili zilikuwa zimepita bila ya hesabu, tulimtuma mtu na ufunguo wa akiba, akaichukua. Hatukuvunja kifungu hata kimoja. Usiku ule tulilala usingizi mzuri.

Wiki haijaisha, binti mmoja akaingia dukani kwetu. Tulikuwa tunamshonea gauni la harusi na alishatoa kianzio cha shilingi 150,000. Alikaa kitini kimya, kisha akasema: "Dada zangu, gauni tena basi. Nirejesheeni chochote mnachoweza. Pesa ya ukumbi imeingia gereji, na gari yenyewe wenyewe wameshaichukua."

Tukauliza gari gani, na huku tumeshajua.

"Noah ya kinamama wa kikoba," akasema. "Siwalaumu, wana mkataba wao. Ila Mungu aniepushe na kula pesa ya namna ile."

Hakujua anazungumza na nani. Kitambaa chake kilikuwa mezani mbele yetu, kimeshakatwa. Tulimrejeshea pesa yake yote, tukamwambia gauni tutaliweka, asivunjike moyo. Jioni tukaitisha kikao cha kikoba.

Swali la sheikh

Kikao hakikuwa chepesi. Mwenzetu mmoja alisema mkataba ni mkataba, mtu mzima kasaini mwenyewe, na Mwenyezi Mungu katuamrisha tutimize mikataba. Ni kweli, ndiyo aya ya mwanzo ya Suratul Maida. Bi mkubwa wetu, ambaye ni mjane, alisema hisa yake ni pesa ya kusomeshea wajukuu, na yeye hakuiba. Hilo nalo ni kweli. Mwishowe tukakubaliana tumpelekee karatasi yetu sheikh tunayemwamini.

Sheikh hakutukemea. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akauliza: "Hii gari mmemuuzia au mmemkodisha?"

Tukajibu: yote mawili.

Akasema: "Basi chagueni moja, kwa sababu kila moja ina hukumu yake."

Dada zetu, tulipotoka pale tulikuwa tumeelewa. Na tulielewa haraka kwa sababu kukodisha ndiyo kazi yetu. Biharusi akikodi gauni letu kwa usiku mmoja, gauni ni letu. Zipu ikikatika yenyewe kwa uchakavu, hatumdai. Akilichoma kwa uzembe wake, tunamdai, na ana haki ya kudaiwa. Hivyo ndivyo fiqhi inavyosema kuhusu kitu cha kukodi: kiko mikononi mwa mpangaji kama amana. Kikiharibika bila ya uzembe wala kuvuka mipaka, hasara ni ya mwenye mali, kwa sababu yeye ndiye mwenye mali. Na siku ambazo kitu hakitumiki kwa sababu kimeharibika, kodi haipo.

Mauzo ni jambo jengine. Ukimuuzia mtu gauni kwa kulipa kidogo kidogo, linakuwa lake tangu siku ya mauziano. Likichanika kesho, limechanika lake, na deni lako liko pale pale. Kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko taslimu wanazuoni walio wengi wamekuruhusu, maadam bei ni moja, inajulikana, na haiongezwi mtu akichelewa. Unaweza hata kushika kitu chenyewe rahani mpaka deni liishe. Lakini akishindwa kulipa, rahani inauzwa, unachukua kilichobaki cha deni lako tu, na ziada unamrejeshea mwenyewe.

Haya hatukuyabuni sisi wa cherahani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, liliitazama mikataba ya aina hii, ya kukodi kunakoishia kumiliki, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwaka 2000. Lililokataza ni kukusanya kodi na mauzo juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Likasema pia kwamba ikiwa ni kukodisha kweli, dhamana ya kitu inabaki kwa mwenye mali, hasara isiyotokana na kosa la mpangaji ni yake, na bima ikiwepo basi mwenye mali ndiye anayeibeba.

Tazameni sasa karatasi yetu. Tulipotaka hesabu kubwa, tulisema ni mauzo, ndani mna bei ya gari. Tulipotaka kuichukua gari bila ya kurejesha senti, tulisema ni ya kukodi, gari ni yetu. Ilipoharibika, tukasema ni yake. Ilipotengenezwa, ikawa yetu tena. Tulichukua utamu wa kodi na utamu wa mauzo, machungu yote mawili tukamwachia kijana wa miaka 24.

Tulirudi dukani tukapiga hesabu kwa simu, mara mbili, kila njia peke yake.

Kama ilikuwa kodi: Noah kama ile kwa hesabu ya kawaida ilikuwa ikileta 25,000 kwa siku. Kwa wiki 61 ni shilingi 9,150,000. Yeye alitupa 14,640,000. Kwa hiyo 5,490,000 haikuwa kodi, ilikuwa bei ya gari ambayo hatukumpa. Ongeza 1,850,000 ya gereji, ambayo ingekuwa juu yetu kwa sababu hakuna aliyeuona uzembe wake katika mvua ile. Kijana anatudai shilingi 7,340,000.

Kama ilikuwa mauzo: deni lililobaki ni 24,960,000 kutoa 14,640,000, yaani 10,320,000. Dalali aliitia gari bei ya 12,500,000. Tungeiuza na kujilipa deni lote, palibaki 2,180,000 ya kwake. Kijana bado anatudai.

Kwa njia yoyote ile, tuliyemwita mdaiwa ndiye aliyekuwa anatudai. Bi mkubwa wetu alizitazama tarakimu zile kwenye simu, akavua miwani, akasema, "Kumbe."

Na mwenye gari je?

Tunajua mtakayosema, maana tumeyasema wenyewe. Bila ya mkataba vijana hawa wangepata wapi gari? Benki inataka dhamana, nao hawana nyumba wala shamba. Mkataba umewatoa vijana wengi vijiweni, na wapo waliomaliza wakawa na gari zao, leo wanaajiri wenzao. Hatusemi mkataba ufutwe.

Na wenye gari nao wanaumia. Wapo madereva wanaoficha hesabu, wanaozima simu, wanaobadilisha tairi nzuri kwa mbovu, wanaoendesha kama mali haina mwenyewe. Wapo wajane wanaotegemea hesabu ile kwa ada na chakula. Dereva mzembe alipe uzembe wake, hilo halina mjadala. Lakini mvua si uzembe. Masika si uzembe. Homa si uzembe. Ukimbebesha mtu mambo ambayo Mwenyezi Mungu ndiye anayeyaleta, unamtaka akuhakikishie faida yako katika dunia ambayo hakuna aliyehakikishiwa kitu.

Wengine watasema: kasaini kwa hiari yake. Hiari ya mtu asiye na njia nyengine ni ndogo sana. Sisi tulikuwa saba na kalamu, yeye alikuwa mmoja na shida.

Neno juu ya bima

Hapa ndipo tunapotaka akina dada wenye gari wasimame kidogo. Sisi tulimwambia kijana bima ni juu yako. Lakini kadi ya gari ilikuwa na majina yetu, na bima inakatwa kwa jina la mwenye gari. Angelipa laki nane zile, gari ikaungua, fidia ingekuja kwetu. Tulikuwa tunamtaka anunue mwavuli kwa pesa yake, atufunike sisi, yeye abaki mvuani.

Mambo mengine matatu tuliyojifunza kwa machungu:

Bima ndogo ni ya lazima kisheria, lakini haiitengenezi gari yako. Inamlipa mwengine uliyemdhuru. Anayekuambia "gari ina bima" muulize ni ipi.

Gari ikikatiwa bima ya matumizi binafsi huku inabeba abiria wa kulipa, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Wengi wanaandika binafsi kwa sababu ni rahisi. Ni rahisi mpaka siku unayoihitaji.

Bima kubwa nayo mara nyingi ina kiasi ambacho mwenye gari anajitolea mwenyewe kwanza kabla ya kampuni kulipa. Kiasi hicho kitajwe kwenye mkataba, na nani atakitoa. Na stika msiiamini kwa macho tu. Ihakikini katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inachukua dakika chache kwa simu. Kwa wanaoona uzito na bima za kawaida, siku hizi na takaful ipo nchini, kaulizeni.

Kwa mabiharusi wetu

Sasa nyinyi. Tunawaona dukani. Mama anauliza kama kijana ana kazi, shangazi anauliza kama ana usafiri, na anayekuja na gari mlangoni anapewa juisi ya ukwaju kabla ya kukaa. Sisi pia tunampa. Lakini kijana mwenye gari ya mkataba bado hana gari, ana deni linalotembea. Si kosa kuwa nalo. Kosa ni kulificha, na kosa letu ni kutouliza.

Msimdharau kwa hilo, wala msimkimbie. Aliyelipa wiki 61 bila ya kukosa ni mwanamume wa kuolewa naye. Ila kabla hamjachagua ukumbi, mwambie kwa heshima, au kaka yako amwambie: tuone mkataba. Angalieni kadi ina jina la nani. Zimebaki wiki ngapi. Masika hesabu ni ile ile au inashuka. Bima ni ipi na inaisha lini. Gari ikilala gereji hesabu inakwenda au inasimama. Akiumwa je. Akishindwa mwishoni, anarejeshewa nini. Kama majibu hayamo kwenye karatasi, basi hayapo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutufundisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Aya ndefu kuliko zote, na sisi tunaandikiana nusu karatasi.

Kisha mkae mpime harusi kwa kipimo cha deni hilo. Gauni la kukodi linang'aa sawa na la kushona, na tunaosema hivyo ndio tunaoyashona. Ukumbi wa usiku mmoja ni hesabu ya wiki nyingi za gari.

Na dhahabu yako ya mahari ni mali yako, si ya mume wala ya tajiri wa gari. Ukitaka kumsaidia mumeo asinyang'anywe gari, Mwenyezi Mungu atakulipa, lakini amua mwenyewe kwa moyo wako: ni zawadi, au ni deni. Ikiwa ni deni, liandikeni pia. Tumewaona wanawake waliouza bangili kulipa hesabu ya wiki mbili, na wiki ya tatu gari ikachukuliwa pamoja na bangili ndani yake.

Tulivyomaliza

Tulimwita kijana, akaja na baba yake mdogo. Tukamwonyesha hesabu zote mbili, tukamwomba radhi mbele ya mzee wake. Tukamwuliza anataka ipi. Alichagua mauzo, kwa sababu anataka gari. Mkataba mpya una kurasa nne. Deni ni 10,320,000 na haliongezeki hata akichelewa. Gari ni yake, kadi iko kwetu rahani. Akishindwa inauzwa na ziada ni yake. Wiki za msimu analeta 180,000, wiki za masika 90,000, na muda umerefuka kwa kiasi hicho. Bima kubwa tunachangia nusu kwa nusu mpaka deni liishe, kwa sababu mpaka siku hiyo gari inatulinda sote. Ya gereji aliitoa yeye na alisema iwe hivyo, gari ni yake.

Si sote tulioridhika. Wawili kati yetu walitaka hisa zao, tukawapa, na mmoja wao mpaka leo salamu yake ni fupi. Faida yetu inakuja polepole. Tunasema haya ili msidhani kufanya uadilifu hakuna gharama.

Yule binti tulimwambia ukweli kwamba kinamama wa kikoba ni sisi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama gauni bado lipo. Tukalimaliza. Tulitaka kumpunguzia bei, akakataa, akalipa yote kwa mafungu matatu, na kila fungu alidai tumwandikie risiti. Nikaha ilikuwa msikitini baada ya laasiri, walima nyumbani kwao, biriani na sharubati, watu wakala wakashiba.

Wiki iliyopita mumewe alileta hesabu pungufu ya 30,000, akaeleza kwa nini. Tuliandika kilicholetwa na kilichobaki. Katika Suratul Baqara aya ya 280 tumeagizwa kumngoja mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wepesi. Safari hii daftari letu lina safu ya kungojea.

Dada mwenye gari mkononi mwa mtoto wa mtu, usiku huu itoe karatasi yako, isome. Jiulize swali la sheikh. Na kama jibu lako ni "yote mawili", usilale kabla hujapiga hesabu nani anamdai nani.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, atulinde na dhulma tunayoijua na tusiyoijua, na awape mabiharusi wetu waume wakweli na nyumba tulivu. Aamin.

Wassalaamu alaykum.